Thumuni ya Mama

Mjukuu wangu alirudi shuleni siku moja na kazi ya hesabu isiyo na hata namba moja. Nimefundisha hesabu tangu nikiwa msichana mwenye kiuno mpaka nikawa bibi mwenye magoti mabovu, na kitu kama hicho sijapata kukiona. Karatasi ilisema: "Tafuta tatizo moja linaloisumbua familia yako. Litatue kwa kutumia hisabati. Eleza jinsi ulivyojisikia." Nikaigeuza, nikidhani namba zimechapwa nyuma. Nyuma palikuwa peupe.

"Haboba, usinitolee macho," akaniambia. Sisi Wanubi wa Kampala bibi tunamwita haboba. "Huu ndio mtaala mpya."

"Mtaala gani unaomuuliza mtoto alivyojisikia? Sisi tulijisikia kiboko, basi."

Akacheka, maana yeye hucheka kila kitu, kisha akachomoa kalamu. "Haya, niambie. Tatizo letu ni lipi?"

Mtoto ana swali huyo! Tatizo letu lilikuwa limekaa Kamwokya, kwenye nyumba ya matofali aliyoijenga Baba kwa mshahara wa ualimu, likikaanga karanga na kusikiliza redio. Baba alikuwa amefariki, Mungu amrehemu, na kaka zangu wawili walitaka nyumba iuzwe kila mtu apate fungu lake. Ndani ya nyumba hiyo alikuwamo mama yetu, mwanamke wa miaka themanini na kitu, ambaye hakuwahi kuniambia kwamba anataka kwenda popote. Mimi nilitaka jambo moja tu: Mama afie kwenye nyumba yake, siku Mungu atakayopenda. Sikutaka hilo liandikwe kwenye karatasi ya shule. Nikamwambia mjukuu aandike habari za panya.

Lakini niseme kwanza Baba alivyotufundisha, ili mjue hasira yangu inatoka wapi.

Baba alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya watoto wa polisi, na sisi tulikaa kwenye safu ya nyumba za kambi, kuta za mabati, jirani akikohoa unamwambia pole bila kutoka kitandani. Enzi hizo hesabu iliingia mwilini kwa njia tatu: mdomo, sikio na makalio. Tuliimba jedwali la kuzidisha tumesimama, asubuhi nzima, mpaka wake wa polisi waliokuwa wakifua nje wakalijua. Mlangoni mwa darasa Baba alisimama na fimbo, na kila mtoto aliulizwa swali lake kabla ya kuingia. "Saba mara nane?" Ukijibu, unapita. Ukisita, unapita pia, ila unapita ukijishika nyuma. Hakuna aliyeulizwa alivyojisikia, na wallahi ilionekana.

Nyumbani alikuwa na mtindo mwingine. Kila Alhamisi baada ya magharibi alitukalisha mkekani, mimi na kaka zangu, akatufundisha sehemu kwa hesabu ya mirathi. Alisema sehemu za vitabuni, za kukata machungwa na mikate, ni za watoto wa Kizungu wenye machungwa ya kuchezea. Muislamu atajifunza sehemu kwa kitu kitakachomfika kweli. Basi akafumba macho, akasema kwa sauti nzito: "Mtu amekufa!" Nasi tunapiga kelele pamoja: "Ameacha nani?" "Ameacha mke mmoja, mabinti wawili na mwana mmoja!" Hapo ni mbio. Mke, kwa kuwa kuna watoto, anapata thumuni, yaani moja ya nane. Mabaki wanagawana watoto, mwana akipata fungu la mabinti wawili. Wa kwanza kutoa jibu sahihi alipewa kichwa cha samaki. Tulimuua yule mtu kila Alhamisi kwa furaha kubwa.

Sasa, kulikuwa na mama mmoja ndiyo kwanza amehamia safu yetu, mke wa polisi kutoka kaskazini, Mkristo, mtu wa watu. Alhamisi yake ya kwanza akasikia kupitia mabati: mtu amekufa, ameacha mke na watoto. Mwalimu mwenyewe ndiye anayesema, na watoto wanapiga kelele. Angefikiri nini? Akatoka mbio amejifunga leso kiunoni, akaanguka mlangoni kwetu analia kilio cha kwao, kile cha kuinua mikono na kumwita marehemu. Nyuma yake wakaja wengine, mmoja na kuni kichwani, mwingine na sukari ya matanga. Baba akabaki ameduwaa, chaki mkononi.

"Nani amekufa, Mwalimu? Mutu wetu nani?"

"Hakuna mtu, mama. Ni hesabu."

"Hesabu amekufa?"

Mama yetu alicheka mpaka akashika ukuta. Yule jirani hakucheka. Alifuta machozi, akasema kwao mtu haui watu bure kwa ajili ya watoto kucheza, na kwamba sukari iliyokuja matangani hairudi nyumbani. Chai ikapikwa, wote wakanywa matanga ya mtu asiyekuwapo. Tangu siku hiyo Baba alipunguza sauti na kumhamishia marehemu mbali: "Mtu wa Misri amekufa." Kila Alhamisi, Misri ilipoteza mtu.

Ndivyo nilivyojua sehemu. Mpaka leo ukiniamsha usingizini nitakupa kigawe cha shirika kabla sijajua niko wapi.

Kisha dunia ikaanza kuchezewa. Nilipoingia sekondari tukaletewa hesabu mpya, hesabu za seti. Tukaambiwa namba peke yake si kitu, kitu ni kundi. Mwaka mzima tukachora miduara: duara la watoto wanaopenda chai, duara la wanaopenda maziwa, katikati walafi wanaopenda vyote. Baba alichukua daftari langu, akalifunua ukurasa baada ya ukurasa, akanitazama kwa huruma. "Mayai tu," akasema. "Mwaka mzima mnachora mayai. Kuku yuko wapi?" Nikamweleza muungano na makutano. Akasema ameelewa, ila anaomba kuku.

Nami nikawa mwalimu, nikafundisha upande wa Mengo miaka mingi. Nilianza na vijitabu vya logi, vile vya safu za namba ndogo zilizopofusha nusu ya kizazi changu. Ilikuja kalkuleta, na vijana wakaanza kubonyeza saba mara moja ili wahakikishe. Ukafika wakati wa mitihani iliyopita, ambapo shule nzima ilikariri majibu ya maswali ya zamani kama dua. Mtahini alipobadilisha mbuzi wakawa kuku, darasa zima likaanguka. Mzazi mmoja alinifuata akinilaumu kwamba sikumfundisha mwanawe kuku.

Mwishoni mwishoni ndipo mtaala huu wa sasa ukatufikia. Tuliitwa semina. Nikiwa na miaka yangu karibu sitini nikasimamishwa kwenye duara kama kwenye mayai yale ya zamani, nikarushiwa mpira, nikaambiwa aliyeudaka aseme anachotarajia. Nikasema natarajia chai. Tukafundishwa kwamba mwalimu hafundishi siku hizi, anawezesha. Mtoto hakosei, yuko njiani. Hesabu haitafutiwi jibu tu, inatafutiwa matumizi. Kijana mwezeshaji, wa umri wa kitinda mimba wangu, akaniambia kwa adabu zote, "Mama, jibu bila maisha ni nusu ya kazi." Nikamwambia jibu likiwa sahihi maisha yatajijua. Nilistaafu muda si mrefu, nikarudi zangu Kansanga kulea mjukuu, ambaye mama yake anafanya kazi nje.

Haya. Sasa Baba amekufa kweli, na hakufa Misri.

Matanga yalipoisha shehe akaja Kamwokya, mtu mpole, akakaa sebuleni na kalamu yake. Madeni yalikuwa hayapo, wasia haukuwapo. Akauliza kama ilivyo desturi: "Marehemu ameacha nani?" Niliona aibu, maana koo langu lilitaka kupiga kelele kama zamani. Kaka mkubwa alitazama chini. Mdogo wangu wa kiume, aliyekuja kutoka Juba anakofanya biashara, alijifuta uso kwa kanzu. Mke mmoja, wana wawili, binti mmoja. Shehe alikuwa bado hajaandika mstari wa kwanza, sote watatu tukasema kwa pamoja: "Arobaini."

Akashangaa. Ndiyo, arobaini. Gawa mali mafungu arobaini: Mama matano, mimi saba, kila mwana kumi na manne. Jumlisha, yanatimia. Shehe akapiga hesabu yake pole pole, akafika palepale, akasema, "Mashaallah, mmefundishwa." Kisha akaongeza jambo ambalo nilitaka likumbukwe: kwamba haki ya kila mtu imejulikana, lakini hakuna aya inayowalazimisha kuuza leo. Wenye haki wakiridhiana, nyumba inaweza kukaa hivyo hivyo Mama akiwa ndani.

Wakiridhiana! Kaka mkubwa ana wana watatu watu wazima wanaotafuta pa kuanzia. Mdogo wangu ana shughuli zake Juba. Si watu wabaya, nisiwasingizie. Walikuwa wakimletea Mama nyama kila Idi, na kaka mkubwa ndiye aliyembeba Baba msalani miezi ya mwisho. Lakini mfanyabiashara mmoja alikuwa amekiona kiwanja cha nyumba, anataka kujenga maduka, na bei aliyotaja iliwapanda kichwani. Walisema Mama atachukua fungu lake, atakaa kwa yeyote ampendaye. Nikawaambia fungu langu naliongeza kwenye la Mama. Kaka mkubwa hakuhitaji hata karatasi. "Kumi na mbili kwa arobaini," akasema. "Hata theluthi haifiki, dada."

Jirani mmoja akanishauri niende kortini, kwamba serikali inamlinda mjane asitolewe kwenye nyumba ya mumewe. Nikampelekea Mama habari hiyo kama mtu aliyeokota dhahabu. "Nikawashitaki wanangu?" akasema. "Nisimame mbele ya hakimu niwaonyeshe kidole watu niliowanyonyesha? Nenda kapike."

Kumbe mjukuu wangu hakuandika habari za panya. Mtoto yule ana kichwa kigumu, sijui amekitoa wapi. Jumamosi mbili alipanda boda kwenda Kamwokya na futi ya fundi aliyoazima, akapima nyumba yote, chumba kwa chumba, haboba wake mkubwa, yaani Mama, akimshikia ncha ya futi na kumlisha karanga. Mama alidhani ni masomo tu. Na yalikuwa masomo tu.

Jumapili tuliyokutana ukoo kuzungumza habari ya mnunuzi, mjukuu wangu akaingia na karatasi kubwa ya manila, akaibandika ukutani juu ya redio. Mwalimu wake alitaka lazima ionyeshwe mbele ya familia, na mmoja wetu atie sahihi kwamba imeonyeshwa. Nyumba yetu ilikuwa pale, imechorwa kwa kipimo, milango na madirisha, nzuri kabisa. Aligawa mafungu arobaini sawasawa. Ya kaka zangu aliyapaka buluu na kijani: sebule, vyumba, sehemu kubwa ya ua. Langu lilikuwa jekundu, jiko la nje na kipande cha ua. La Mama lilikuwa la njano. Lilikuwa ukumbi mwembamba wa katikati, stoo, na ngazi ya mlango wa nyuma.

"Jibu ni sahihi," akasema, anasoma kutoka kwenye simu yake, "ila tumeambiwa jibu likaguliwe kwenye maisha halisi. Nimekagua. Haboba mkubwa hawezi kulala kwenye ukumbi kwa sababu watu watapita. Kwenye stoo kitanda hakiingii. Kwa hiyo naomba familia inisaidie: atalala wapi?"

Wallahi hakuwa na ujanja wowote. Alitaka maksi. Alikuwa ameshika kalamu anangoja tumjibu ili aandike.

Alhamisi zote zile, wajane wote wa Misri tuliowapa thumuni zao tukakimbilia kichwa cha samaki, hakuna aliyewahi kuuliza mmoja wao alilala wapi usiku huo. Si Baba, si kaka zangu, si mimi niliyesimama mbele ya ubao maisha yangu yote.

Mama aliinuka. Alikwenda mpaka kwenye karatasi, macho yake hayaoni vizuri, akapitisha kidole juu ya ile rangi ya njano. "Hapa stoo," akasema, "kitanda kitaingia kikikatwa miguu." Akacheka. Alicheka peke yake.

"Mama, hakuna aliyesema ulale stoo!" kaka mkubwa akafoka. "Hiyo si hesabu, huo ni uchochezi. Nani amemtuma mtoto huyu?" Akanigeukia mimi. Nikamwambia hakutumwa na mtu, ametumwa na mtaala, na kama aibu imemshika aishike naye. Nikamwambia na mengine ambayo dada hamwambii kaka yake mbele ya watu. Mdogo wangu akasimama kumtetea. Mjukuu akaanza kulia, akaibandua karatasi, ikachanika pembeni. Kaka mkubwa akasema kuanzia leo hana dada. Nami ulimi wangu haukukaa.

Wiki kadhaa hatukusalimiana. Kaka mkubwa akija kumwona Mama, mimi natoka kwa mlango wa nyuma. Tukamfanya mwanamke mzee awe anapika chai mara mbili. Na siku moja akatuita wote, akatukalisha, hakutoa hotuba. "Uzeni," akasema. "Nyumba ni matofali. Nyie mmetoka tumboni mwangu, na nimeona mnapishana mlangoni kama polisi na mwizi. Uzeni nilale." Nilimpigia magoti anyamaze. Akanisukuma kichwa taratibu, kama unavyomsukuma mtoto anayekuzuia kupita. Wakati wa kutia kidole kwenye wino wa mkataba aliuliza ni kidole gani, akaonyeshwa.

Ile kazi ya shule ilirudi. Mwalimu alisifu vipimo, akasifu rangi, akampa maksi za juu darasani. Chini yake, kwa wino mwekundu, aliandika: "Tatizo limetatuliwa. Fafanua zaidi hisia zako." Mjukuu alinionyesha bila kucheka, kisha akaitia kwenye mkoba.

Tukamleta Mama Kansanga. Kaka zangu wote wawili walikuja kubeba vitu, na tulibeba pamoja, hilo alilipata. Nilimpa chumba changu chenye dirisha, nikatandika shuka mpya, nikamwonyesha bafu, taa, na mahali pa kuswalia. Alisema Alhamdulillahi kwa kila kitu nilichomwonyesha. Nguo zake hakuzitoa kwenye sanduku, nikadhani amechoka, atazipanga kesho.

Asubuhi nilisikia mtu nje ya mlango wa chumba nilicholala na mjukuu. Hakubisha hodi, alikuwa amesimama tu anasubiri mtu aamke. Nilipofungua nikamkuta mama yangu amejifunga leso vizuri, sufuria tupu ameishika kwa mikono miwili, kama mpangaji mpya.

"Umeamkaje, mwenye nyumba," akaniambia. "Samahani kukusumbua. Nilikuwa naomba ruhusa niwashe jiko."